Kulipia Kasi Bila Kununua Nafasi

Katika bili ya huduma za wingu, mstari wa diski ndio unaopitiwa kwa haraka kuliko yote. Wahandisi hubishana wiki nzima kuhusu ukubwa wa seva, lakini diski zilizofungwa kwenye seva hizo huachwa kama zilivyoundwa siku ya kwanza. Seva unaweza kuizima usiku, kuipunguza, au kuilipia mapema ili upate punguzo. Diski haina usiku. Hata seva ikizimwa, diski yake inaendelea kuhesabiwa, na unacholipia ni ujazo ulioagiza: diski ya GB 500 yenye GB 40 za data hulipiwa GB 500. Mikataba ya punguzo ambayo Amazon Web Services, kwa kifupi AWS, huiuza kwa jina la Savings Plans inahusu nguvu ya kuchakata na haigusi diski hata kidogo. Anayetaka kupunguza mstari huo ana njia tatu: kufuta diski zisizotumika, kupunguza ujazo, au kubadili aina ya diski.

Uchambuzi huu unahusu hasa njia ya tatu. Desemba 2020, AWS ilitoa aina mpya ya diski iitwayo gp3, kwa bei iliyo chini kwa asilimia 20 kuliko gp2 iliyotangulia. Kuhama kutoka ya zamani kwenda mpya hakuhitaji kuzima seva wala kuhamisha data kwa mkono. Hata hivyo, diski za gp2 bado zimejaa kwenye akaunti za kampuni nyingi. Je, akiba hiyo ni ya kweli? Ni kubwa kiasi gani? Na ni wapi mtu anaweza kuumia akibadili bila kuangalia?

Msimamo wangu ni huu: akiba ni ya kweli kwa karibu kila diski, lakini ile asilimia 20 ni mlango tu. Faida kubwa iko ndani zaidi, katika kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa miaka sita viliuzwa vikiwa vimefungwa pamoja, yaani nafasi na kasi. Na faida hiyo huipata yule aliyesoma grafu za mzigo wake kabla ya kutoa amri ya kubadili.

Vipimo vitatu vya diski

EBS, huduma ya AWS inayotoa diski hizi, ilianza mwaka 2008, miaka miwili baada ya AWS kuanza kukodisha seva. Diski ya EBS haimo ndani ya seva. Iko kwenye mtambo mwingine katika eneo lilelile la kituo cha data, na seva huifikia kupitia mtandao, ingawa mfumo endeshi huiona kama diski ya kawaida. Ndiyo maana inaweza kuchomolewa kwenye seva moja na kufungwa kwenye nyingine, na ndiyo maana aina yake inaweza kubadilishwa huku kazi ikiendelea.

Diski kama hiyo ina vipimo vitatu, na anayevichanganya hulipa zaidi ya anachohitaji. Cha kwanza ni ujazo, unaohesabiwa kwa GB. Cha pili ni IOPS, yaani idadi ya maombi ya kusoma au kuandika yanayohudumiwa kwa sekunde. Cha tatu ni upitishaji, kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, kinachohesabiwa kwa MB. Hifadhidata ya malipo inayosoma vipande vidogo kutoka sehemu mbalimbali za diski hukwama kwenye IOPS. Kazi ya kunakili faili kubwa za video, au ya kusoma kumbukumbu za mfumo kutoka mwanzo hadi mwisho, hukwama kwenye upitishaji. Seva ya tovuti ya kawaida mara nyingi haikwami kwenye chochote, maana faili zake nyingi huishi kwenye kumbukumbu ya RAM.

Kila aina ya diski ni mpango tofauti wa bei wa vipimo hivyo vitatu. Mwaka 2012 ilikuja io1, inayomruhusu mteja kuagiza IOPS anazotaka na kuzilipia moja moja. Mwaka 2014 ikaja gp2 kwa matumizi ya jumla. Mwaka 2016 zikaja st1 na sc1, ambazo ni diski za kuzunguka za bei nafuu. Mwaka 2020 zikaja io2 na gp3. Bei nitakazotaja hapa ni za kanda ya Virginia Kaskazini, ambayo wengi huitumia kama kipimo. Katika kanda nyingine bei hutofautiana, lakini uhusiano kati ya aina moja na nyingine hubaki karibu uleule.

Namna gp2 ilivyofunga kasi kwenye ujazo

Diski ya gp2 hulipiwa dola 0.10 kwa kila GB kwa mwezi, na bei hiyo hujumuisha kila kitu. Kasi haiagizwi. Hutokana na ujazo: kila GB huleta IOPS 3, kuanzia kiwango cha chini cha IOPS 100 hadi ukomo wa 16,000, ambao hufikiwa kwenye diski ya GB 5,334. Upitishaji nao hufuata ujazo. Diski isiyozidi GB 170 hupata hadi MB 128 kwa sekunde, na ile ya GB 334 kwenda juu hupata MB 250.

Ili diski ndogo zisiteseke, AWS iliweka utaratibu wa krediti. Ufikirie kama tangi la maji juu ya paa. Bomba la kujazia ni jembamba, lakini bomba la kutolea ni pana. Ukichota kidogo kidogo, tangi halikauki na kila ukifungua maji hutoka kwa nguvu. Ukichota mfululizo, hufika wakati unabaki na kile tu kinachoingia.

Tuchukue diski ya GB 100 na tupige hesabu yake. Kiwango chake cha msingi ni IOPS 300. Tangi lake likijaa lina krediti milioni 5.4, na diski inaruhusiwa kupanda hadi IOPS 3,000. Ikifanya kazi kwa kasi hiyo, kila sekunde inatumia krediti 3,000 na kuingiza 300, kwa hiyo akiba inapungua kwa 2,700. Gawanya milioni 5.4 kwa 2,700, utapata sekunde 2,000, yaani kama dakika 33. Baada ya hapo diski huanguka hadi IOPS 300, sehemu moja ya kumi ya kasi iliyokuwa nayo. Na ili tangi lijae tena mzigo ukiwa umesimama kabisa, zinahitajika sekunde 18,000, ambazo ni saa tano.

Sasa fikiria mfumo wa mishahara au wa stoo unaofanya kazi kwa utulivu mwezi mzima, kisha usiku wa mwisho wa mwezi unaanza kutengeneza ripoti. Nusu saa ya kwanza mambo yanakwenda vizuri. Baadaye kila kitu kinakuwa kizito, simu zinaanza kulia, na mhandisi anakagua kichakataji na kumbukumbu ya RAM anakuta vyote viko sawa. Jibu liko kwenye kipimo kimoja cha CloudWatch, huduma ya vipimo ya AWS, kiitwacho BurstBalance, ambacho huonyesha asilimia ya krediti zilizobaki. Grafu yake huwa imeshuka hadi sifuri dakika zilezile malalamiko yalipoanza.

Wahandisi wengi walipogundua hali hii walichukua dawa iliyokuwepo wakati huo: waliongeza ujazo. Diski ya GB 1,000 hupata IOPS 3,000 bila kutegemea krediti, kwa hiyo hifadhidata ya GB 80 iliwekwa kwenye diski ya GB 1,000. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa zama zake. Matokeo yake ni kwamba akaunti nyingi leo zimebeba mamia ya GB tupu zilizonunuliwa kwa sababu ya kasi, na kila mwezi zinalipiwa kana kwamba zimejaa.

Gp3 ilibadili nini

Kwenye gp3, ujazo hulipiwa dola 0.08 kwa GB kwa mwezi. Kila diski, iwe ya GB 10 au GB 1,000, hupewa IOPS 3,000 na upitishaji wa MB 125 kwa sekunde bila malipo ya ziada. Hakuna krediti wala tangi la kukauka. Anayetaka zaidi huongeza kile anachohitaji peke yake: dola 0.005 kwa kila IOPS ya ziada kwa mwezi, na dola 0.04 kwa kila MB ya upitishaji ya ziada. Ilipozinduliwa, ukomo wake ulikuwa IOPS 16,000 na MB 1,000 kwa sekunde, mara nne ya upitishaji wa juu wa gp2.

Kwa diski ndogo hesabu haina mjadala. Diski ya GB 100 inashuka kutoka dola 10 hadi dola 8 kwa mwezi, na wakati huohuo IOPS zake za kudumu zinapanda kutoka 300 hadi 3,000. Upitishaji unapungua kutoka MB 128 hadi 125, tofauti ambayo hakuna mtumiaji atakayeihisi. Ule usiku wa ripoti za mwisho wa mwezi unakwisha kwa bei iliyo chini kuliko ya mwanzo. Ni nadra katika kazi hii kupata badiliko linaloongeza kasi na kupunguza gharama kwa pamoja, na hili ni mojawapo.

Kwa diski za kati, akiba inategemea upitishaji. Diski ya GB 500 kwenye gp2 ni dola 50, ikiwa na IOPS 1,500 na MB 250 kwa sekunde. Kwenye gp3 ni dola 40, lakini ukitaka kubaki na MB 250 unaongeza MB 125 kwa dola 5, na jumla inakuwa 45. Akiba inakuwa asilimia 10, si 20.

Kwa diski kubwa, IOPS nazo zinaingia kwenye hesabu. Diski ya GB 2,000 ya gp2 ni dola 200, na ina IOPS 6,000. Gp3 yenye uwezo uleule ni dola 160 za ujazo, dola 15 za IOPS 3,000 za ziada na dola 5 za upitishaji: jumla dola 180. Kati ya diski kubwa, mahali pagumu zaidi ni GB 5,334, pale gp2 inapofikia ukomo wake. Huko gp2 ni dola 533.40, na gp3 iliyolinganishwa kwa kila kipimo ni dola 496.72, akiba ya kama asilimia 7. Baada ya hapo akiba huanza kupanda tena, kwa sababu gp2 haiongezi kasi ila bei inaendelea kukua. Diski ya GB 10,000 ni dola 1,000 kwa gp2 na dola 870 kwa gp3.

Hesabu hizi zinathibitisha jambo moja: kwa bei za Virginia, katika kila ujazo uliohesabiwa hapa gp3 ni nafuu kuliko gp2, hata ukiilazimisha gp3 ifanane na gp2 kwa kila kipimo. Lakini zinaonyesha pia kwamba anayeahidi asilimia 20 kwa akaunti nzima bila kuuliza mzigo ukoje anaahidi asichokijua.

Chukua kampuni ya mfano yenye seva 40, kila seva ikiwa na diski ya mfumo ya GB 50 na diski ya data ya GB 500. Jumla ni GB 22,000, na bili ya gp2 ni dola 2,200 kwa mwezi. Kuhamia gp3 kwa viwango vya msingi kunaifikisha dola 1,760. Lakini ikiwa diski zote 40 za data zitabaki na MB 250 kwa sekunde, dola 200 zinarudi kwenye bili, na akiba ya 440 inakuwa 240. Karibu nusu ya akiba inategemea swali moja: je, diski hizo huwa zinapitisha zaidi ya MB 125 kwa sekunde? Jibu lipo kwenye CloudWatch, katika vipimo vya baiti zilizosomwa na kuandikwa. Kuviangalia vya mwezi mzima, ukiwemo usiku wa nakala rudufu na siku za ripoti, ni kazi ya mchana mmoja.

Hifadhidata ya GB 80 kwenye diski ya GB 1,000

Turudi kwa diski zilizonunuliwa kubwa ili ziwe na kasi. Hapa ndipo fedha nyingi zilipo. Diski ya GB 1,000 ya gp2 ni dola 100 kwa mwezi. Ukiibadili aina tu inakuwa dola 80, au 85 ukitaka kubaki na MB 250. Lakini data ni GB 80, na sababu ya kununua GB 1,000 haipo tena. Diski ya gp3 ya GB 120 ingeipa hifadhidata hiyo IOPS zilezile 3,000 na nafasi ya kukua kwa dola 9.60. Ukiongeza upitishaji hadi MB 250 inakuwa dola 14.60. Kutoka dola 100 hadi chini ya 15 ni akiba ya asilimia 85, na haikupatikana kwa kubadili aina peke yake. Imepatikana kwa sababu aina mpya imeruhusu ujazo urudi kwenye kipimo chake cha haki.

Kikwazo kipo. Diski ya EBS huongezwa ujazo lakini haipunguzwi. Anayetaka kuipunguza lazima aunde diski mpya iliyo ndogo, anakili data, kisha ahamishe kazi. Kwa faili za kawaida, rsync inatosha: mzunguko wa kwanza huku mfumo ukifanya kazi, na wa mwisho mfupi baada ya kusimamisha huduma. Kwa PostgreSQL au MySQL njia salama zaidi ni kuunda nakala inayofuata hifadhidata kuu kwenye diski mpya, kusubiri ilingane, kisha kuigeuza kuwa kuu. Hii ni kazi ya kupangwa na kujaribiwa kabla. Kwa diski ya dola 10 haifai kuhangaika. Kwa diski za dola 100 zilizo ishirini, kazi hiyo hujilipa haraka.

Io1, st1 na sc1

Diski za io1 ndizo zenye akiba ya kushangaza zaidi kwa moja moja. Bei yake ni dola 0.125 kwa GB, pamoja na dola 0.065 kwa kila IOPS iliyoagizwa. Diski ya GB 500 yenye IOPS 8,000 inagharimu dola 62.50 za ujazo na dola 520 za kasi: jumla dola 582.50 kwa mwezi. Gp3 ya ujazo huo, yenye IOPS 8,000 na MB 500 kwa sekunde, ni dola 40, 25 na 15, jumla dola 80. Kabla ya 2020 hapakuwa na namna ya kuagiza kasi peke yake ila kwa io1, na diski nyingi za namna hiyo ziliwekwa kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo hapa nashauri uangalifu. AWS huahidi kwamba io1 itatoa kasi iliyoagizwa kwa asilimia 99.9 ya muda, wakati gp3 huahidiwa asilimia 99. Io2, ambayo bei yake ya kuanzia inalingana na ya io1, imetengenezwa kwa uimara wa asilimia 99.999 kwa mwaka, ilhali gp3 ni kati ya 99.8 na 99.9. Kwa mfumo wa benki unaohesabu kila milisekunde, tofauti hiyo ina thamani, na io1 ifanywe io2 badala ya gp3. Kwa seva ya majaribio iliyonakiliwa kutoka ya uzalishaji pamoja na io1 yake, hakuna cha kutetea.

Upande wa pili wa ngazi ziko st1 kwa dola 0.045 na sc1 kwa dola 0.015 kwa GB. Ni za kumbukumbu za mfumo, nakala za zamani, na data inayosomwa kwa mfululizo. Haziwezi kuwa diski za kuwashia mfumo, na huanzia GB 125. Hatari yake iko kwenye maombi madogo madogo ya hapa na pale: kila ombi la namna hiyo huhesabiwa kana kwamba limepitisha MB 1 nzima, na krediti za upitishaji hukauka haraka. Kuweka hifadhidata kwenye st1 ili kuokoa dola chache ni kununua malalamiko ya wateja.

Kubadili kwenyewe

Amri yenyewe ni fupi:

aws ec2 modify-volume --volume-id KITAMBULISHO --volume-type gp3

Baada ya hapo diski hupita hali tatu: modifying, optimizing na completed. Bei mpya huanza kuhesabiwa badiliko linapoanza. Seva inaendelea kufanya kazi, na katika kipindi cha mpito kasi huwa kati ya ile ya zamani na ile mpya. Diski iliyojaa ya TB 1 kwa kawaida huchukua kama saa sita. Busara ni kuanza na diski za mazingira ya majaribio, kisha zile za uzalishaji kwa mafungu, nje ya saa za mzigo mkubwa, baada ya kuchukua snapshoti.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulipita. Ukibadili gp2 iliyopo bila kutaja IOPS wala upitishaji, AWS yenyewe huiwekea gp3 uwezo unaolingana na gp2 ya awali, au kiwango cha msingi cha gp3, kutegemea kipi ni kikubwa. Diski ya GB 500 itapewa IOPS 3,000 na MB 250 kwa sekunde, na utalipa dola 45. Hii ni salama kwa mzigo, lakini ni lazima uende mwenyewe kupunguza upitishaji pale ambapo hauhitajiki. Kwa diski mpya mambo ni kinyume. Ukiunda gp3 mpya, hata kutoka kwenye snapshoti ya ile ya zamani, inapata MB 125 tu isipokuwa umetaja vingine. Timu inayobadili diski zake za leo bila tatizo inaweza kushangaa miezi baadaye, baada ya kujenga upya seva, kwamba kazi ya nakala rudufu imekuwa ya polepole mara mbili.

Jambo la pili ni msimbo wa miundombinu. Ukibadili aina kwenye konsoli huku faili za Terraform zikisema gp2, utekelezaji unaofuata utairudisha diski kwenye gp2. Na kutoandika chochote si kinga: kwenye rasilimali ya aws_ebs_volume, chaguo-msingi la Terraform ni gp2. Kwa Kubernetes, klasta mpya za EKS, huduma ya Kubernetes ya AWS, hadi toleo la 1.29 zilikuja na StorageClass ya gp2 ikiwa ndiyo chaguo-msingi; kuanzia 1.30 alama ya chaguo-msingi iliondolewa. Kubadili StorageClass hakugusi diski zilizokwisha kuundwa. Picha za mfumo za AMI nazo hubeba aina ya diski ndani yake, na kila seva inayotoka humo huzaliwa na gp2. Hii ndiyo sababu kubwa ya gp2 kuendelea kuwepo: wengi hawakuichagua, waliirithi. Kwa hiyo chanzo kirekebishwe kwanza, ndipo diski zibadilishwe.

La tatu ni ukomo wa seva. Kila aina ya seva ina kiwango chake cha mawasiliano na EBS. Seva ya m5.large ina kiwango cha kudumu cha MB 81.25 kwa sekunde, na huweza kupanda juu ya hapo kwa muda tu. Kuinunulia diski yake MB 500 za kudumu ni kulipia barabara ambayo gari lako haliwezi kuitumia.

La nne ni RDS, huduma ya hifadhidata inayosimamiwa na AWS. Huko gp3 ilifika Novemba 2022, lakini katika Virginia bei ya ujazo ni ileile kwa gp2 na gp3: dola 0.115 kwa GB. Anayebadili hapo atapata kasi bora, si bili ndogo. Kwa PostgreSQL na MySQL zenye GB 400 kwenda juu, kiwango cha msingi hupanda hadi IOPS 12,000, na hiyo inaweza kumwezesha mtu kuachana na io1. Akiba ipo, ila inapita njia nyingine.

Wauzaji wengine, na wanaolipa kwa shilingi

Mwelekeo huu si wa AWS peke yake. Diski za Premium SSD za Azure ziliuzwa kwa madaraja: P10 ya GB 128 huja na IOPS 500, P30 ya GB 1,024 huja na 5,000. Oktoba 2022 Microsoft ilitoa Premium SSD v2, inayotenganisha vipimo vitatu na kuanza na IOPS 3,000 na MB 125 kwa sekunde bila malipo ya ziada. Google nayo imetoka kwenye Persistent Disk, ambayo kasi yake hufuata ujazo, kwenda Hyperdisk, ambayo kasi yake huagizwa. Soko zima linaelekea kuuza nafasi na kasi kila kimoja kwa bei yake, na mteja anayeagiza kwa mazoea ya zamani atalipia mazoea hayo.

Kwa kampuni za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, jambo hili lina uzito wa ziada. Mapato ni ya shilingi, bili huhesabiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na kwa aliyekuwa na seva na diski zilezile, bili ilipanda bila hata GB moja kuongezwa. Kanda ya AWS iliyo Afrika ni ya Cape Town, iliyofunguliwa Aprili 2020, na bei zake ziko juu ya zile za Virginia. Kwa hiyo GB tupu humgharimu zaidi mteja wa huku. Kiwango cha ubadilishaji hatukiamui sisi, ila idadi ya GB tunazoagiza iko mikononi mwetu.

Utaratibu ninaoupendekeza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ianze na orodha ya diski zote, aina zake, ujazo wake na mwenye kuzitumia. Zile zenye hali ya available, yaani zisizofungwa kwenye seva yoyote, zishughulikiwe kwanza, maana hakuna sababu ya kubadili aina ya diski unayopaswa kuifuta. Hizo huwa nyingi, kwa sababu seva inapofutwa, diski ya mfumo hufutwa nayo lakini diski za ziada hubaki, isipokuwa umeagiza vingine. Pili, msimbo, picha za AMI na StorageClass zibadilishwe ziseme gp3. Tatu, gp2 zisizozidi GB 170 zihamishwe zote, kwa kuwa hazina cha kupoteza. Nne, zile kubwa zipimwe moja moja kwa grafu za mwezi mzima, na upitishaji wake uwekwe kulingana na kilichoonekana. Tano, io1 zihojiwe, kisha diski zilizonunuliwa kubwa kwa ajili ya kasi zipangiwe kupunguzwa.

Nashauri pia sehemu ya akiba isirudi yote kwa idara ya fedha. Itumike kuongeza snapshoti za data isiyoweza kupatikana tena kirahisi, na kuipa io2 ile hifadhidata moja au mbili ambayo kusimama kwake ni kusimama kwa kampuni. Kupunguza gharama kunakodhoofisha ulinzi wa data ni hasara iliyoahirishwa.

AWS haitakuhamishia diski zako. Gp2 inaendelea kuuzwa kwa bei yake, na itaendelea kulipwa na wale ambao hawakuuliza. Kwa hiyo kila timu ijiwekee kanuni ya kudumu: diski yoyote mpya iandikwe kwenye msimbo ujazo wake, IOPS zake, upitishaji wake na jina la timu inayoimiliki, na asiyeweza kueleza kwa nini amechagua namba hizo apewe viwango vya msingi vya gp3 hadi grafu zithibitishe kwamba anahitaji zaidi.